Mtoto mwenye usonji asiyeongea: mnajuaje kwamba anaumwa, na wapi?

MwlKitengo (Moshi)

Wakuu, habari za kazi. Tunaandaa karatasi moja, mbele na nyuma, kwa ajili ya kitengo cha usonji katika shule ya msingi hapa Moshi. Itatumiwa na walimu, matroni na wazazi. Watoto ni wa miaka 5 hadi 13. Wengi hawaongei, wachache wanaongea kwa kurudia maneno waliyoyasikia. Sehemu ya kifafa imekamilika, ya chakula pia. Iliyokwama ni ya maumivu.

Karatasi nyingi zinasema "angalia kama analia au anakunja uso". Sasa kuna watoto wanaolia kila kengele ikigongwa, na kuna anayeanguka kutoka kwenye bembea akainuka anacheka. Naomba msaada kwenye mambo manne: dalili zenyewe, jinsi ya kutofautisha maumivu na ule mlipuko wa kawaida wa kelele na kujipiga, namna ya kumuuliza yule anayeongea kidogo, na suala la Panadol shuleni. Naomba vitu vinavyotekelezeka, siyo "mpelekeni hospitali" tu. KCMC na Mawenzi tunazijua zilipo.

---

NesiWaWatoto

Mwalimu, anza kwa kuifuta ile dhana kwamba watoto hawa hawasikii maumivu. Mwaka 2004 watafiti wa Kanada walichunguza sura za watoto wenye usonji wakati wa kutolewa damu, na maumivu yalionekana wazi usoni. Kilichopishana ni makadirio ya wazazi na kile sura zilichoonyesha. Mwaka 2009 wenzao wa Ufaransa wakapima mapigo ya moyo na homoni kwenye damu: mtoto anaweza kuonekana ametulia huku mwili wake wote uko kwenye taharuki. Kwa hiyo anayeanguka akacheka, mkague kama mnavyomkagua anayelia. Kicheko cha ghafla kisicho na sababu ni dalili kwa baadhi yao.

Sentensi ya kwanza ya karatasi yenu iwe hii: dalili ya maumivu ni mtoto kubadilika kulinganisha na yeye mwenyewe. Usimlinganishe na mwenzake wa dawati la pili. Maana yake mnahitaji ukurasa unaojazwa wakati mtoto ni mzima, wiki ambayo hana tatizo lolote: analala saa ngapi na anaamka mara ngapi, anakula nini na kwa kasi gani, anapata choo mara ngapi kwa wiki, anatoa sauti gani akifurahi na akikasirika, na kama ana kawaida ya kujipiga, anajipiga wapi. Hilo la mwisho liandikwe kwa usahihi. Mtoto ambaye miaka yote hujing'ata mkono chini ya dole gumba, akianza kujipiga kofi kwenye sikio la kulia, amewaambia kitu. Pasipo ukurasa huo mtasema "ndivyo alivyo" na sikio litaendelea kuoza.

Kipo kipimo kilichotungwa Kanada kwa watoto wasioweza kujieleza, wa miaka 3 hadi 18, kinaitwa NCCPC-R. Kina vipengele 30 katika mafungu saba: sauti, kuchangamana na watu, uso, shughuli, mwili na viungo, dalili za mwili kama jasho na kupauka, kisha kula na kulala. Unamwangalia mtoto kwa saa mbili za shughuli zake za kawaida, kila kipengele unakipa 0 hadi 3 kulingana na mara ngapi umekiona, halafu unajumlisha. Jumla ikifika 7 au zaidi, mchukulie kwamba ana maumivu. Kipo kifupi chake cha baada ya upasuaji, dakika 10, vipengele 27, hakina fungu la kula na kulala. Huko 11 na kuendelea ni maumivu ya kati hadi makali.

Hapa wengi wanakosea: mtoto mwenye usonji anaweza kupata 7 akiwa mzima kabisa. Kurukaruka, kutoshirikiana, kutotaka kuguswa, vyote vina alama humo. Mpimeni kwanza siku nzuri, mwandike namba yake. Kama siku nzuri ana 6, leo ana 15, hapo mna hoja ya kumwekea daktari mezani.

Kuhusu mlipuko. Mlipuko wa kuzidiwa na kelele au kubadilishiwa ratiba una chanzo kinachoonekana dakika chache kabla, na hushuka ukimtoa kwenye ile hali: chumba tulivu, taa hafifu, kitu chake mkononi. Maumivu hayashuki kwa kubadilishiwa chumba. Yanarudi saa zisizoeleweka, mara nyingi usiku, baada ya kula au anapotaka kwenda haja. Mpe kile anachokipenda kuliko vyote. Mtoto anayesukuma pembeni kifuniko chake cha chupa alichokizungusha kila siku tangu mwaka jana huyo anaumwa mpaka mthibitishe vinginevyo.

Ila msiligawe sana. Maumivu hupunguza uvumilivu, kwa hiyo mtoto anayeumwa jino atalipuka kwa kengele aliyoizoea. Chanzo mnakiona, kengele, mnafunga faili. Kama kengele ni ileile na mtoto ndiye aliyebadilika, endeleeni kutafuta.

Na kuna kundi linalosahaulika: anayepoa. Hajipigi, hapigi kelele, amelala kwenye mkeka, hataki kucheza. Walimu wanasema "leo ametulia". Mtoto wa kukimbia akitulia, mpime joto.

---

MfamasiaNjiro

Nichukue la Panadol, kwa sababu ndilo linaloharibika haraka.

Dozi ya paracetamol kwa mtoto ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne ndani ya saa 24. Uzito wa leo, siyo wa kadi ya kliniki ya mwaka juzi. Mtoto wa kilo 16 anahitaji miligramu 240. Kama chupa imeandikwa 120 kwa mililita 5, hizo ni mililita 10. Kama imeandikwa 250 kwa mililita 5, ni chini kidogo ya mililita 5. Mtu aliyekariri "mpe mililita 10" akabadilishiwa chupa dukani amempa zaidi ya mara mbili. Soma chupa kila mara. Pima kwa sirinji isiyo na sindano, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani. Dawa nyingi za mafua za watoto nazo zina paracetamol ndani, usizichanganye. Aspirini mtoto hapewi.

Paracetamol inaweza kutumika kama jaribio: mtoto amebadilika, hamjui kwa nini, mnampa dozi moja sahihi na kuandika tabia yake kabla, kisha baada ya saa moja. Akirudi katika hali yake, halafu baada ya saa 4 au 5 ile tabia ikaanza tena, mmepata ushahidi mzuri. Asipobadilika, hamjathibitisha lolote. Tumbo la choo kigumu halisikilizi paracetamol, na jino lenye usaha huisikiliza nusunusu. Kabla ya kumpa, pima joto na uandike, la sivyo utaifuta homa ambayo daktari alihitaji kuiona.

Shuleni? Mimi ningesema hapana, isipokuwa mzazi amesaini, ameandika uzito na nguvu ya dawa, na kuna daftari moja linaloonyesha saa. Mtoto hawezi kumwambia mama yake jioni kwamba alishapewa saa nane mchana. Hapo ndipo dozi zinapopandana.

Na tafadhali msiifiche kwenye ugali wake. Wengi wa watoto hawa wana vyakula vitano au sita tu wanavyovikubali. Akionja uchungu ndani ya kimoja, mmempotezea chakula hicho, pengine kwa miezi. Akikataa ya maji, zipo za kuweka njia ya haja kubwa. Ulizia duka la dawa.

---

TibaKwaVitendo_AR

Nakubaliana na Nesi kuhusu namba, lakini matroni mwenye watoto kumi na wawili hakai saa mbili na vipengele 30. Tumieni fomu hiyo kwa mtoto ambaye tayari mna wasiwasi naye. Kwa kila siku, chukueni kipimo kifupi cha maumivu kinachoitwa r-FLACC: uso, miguu, shughuli, kilio, na kutulizika, kila kimoja 0 hadi 2, jumla 10. Uzuri wake ni kwamba mzazi anaruhusiwa kuongeza tabia za mtoto wake kwenye kila safu. "Kilio: 1 ni kuimba herufi A bila kukoma." Hilo hakuna mtaalamu angelibuni.

Sasa kuuliza. Makosa yanayoharibu majibu ni haya.

Swali la "inauma au haiumi?" kwa mtoto anayerudia maneno litajibiwa "haiumi", kwa sababu ndilo la mwisho alilolisikia. Geuza: "haiumi au inauma?" Akisema "inauma", huna jibu, una mwangwi. Na anayesema "ndiyo" kwa kila kitu mpime kwa swali la uongo: "Nywele zinauma?" Akisema ndiyo, weka ndiyo zake zote pembeni, hamia kwenye picha.

Wengine hutumia viambishi kama walivyovisikia. Mtoto anasema "unaumwa?" akiwa na maana kwamba yeye ndiye anayeumwa, kwa sababu hivyo ndivyo watu walivyomwambia siku alipokuwa na homa. Au anasema "pole, pole mama" peke yake kwenye kona. Au "sindano, usilie" wakati hakuna sindano yoyote. Msimsahihishe sarufi, mkagueni. Kwenye ukurasa wa mtoto wekeni mstari: "maneno anayoyasema akiumwa". Waulizeni na nyumbani bibi hutumia lugha gani. Kama ni Kichaga au Kimeru, neno lake la maumivu linaweza kuwa la lugha hiyo na mwalimu asilitambue.

Nyuso sita za kuchekacheka mpaka kulia, zile za ukutani hospitalini, ziacheni kwa wengi wao. Mtoto ambaye kusoma sura za watu ni kazi ngumu kwake anachagua uso anaoupenda, au wa mwanzo kila siku. Na kuna wasiotambua vizuri hata kinachotoka ndani ya mwili wao: njaa, mkojo, maumivu, vyote vinakuja kama fujo moja. Ukimuuliza "kiasi gani?" umemuuliza jambo asilo nalo. Muulize "wapi?", tena kwa kuonyesha.

Kinachofanya kazi ni picha ya mtoto mwenyewe. Mpige picha kwa simu amesimama, mbele na nyuma, chapisha kwenye A4, peleka stesheneri wapige laminesheni. Kata mduara mwekundu wa kadi, nyuma ubandike kile kitambaa cha kunata cha viatu vya watoto, naye aubandike panapouma. Michoro ya mtu wa katuni haieleweki kwao: huyo siyo mimi, kwa nini nimbandike tumbo langu?

Fundisheni akiwa mzima. Akigonga kiwiko, palepale, mshike kiwiko, sema neno moja tu, "inauma", weka mduara kwenye kiwiko cha picha. Neno lilelile shuleni, kwa mama, kwa dada wa kazi. Ukisema "inauma" wewe, mama akasema "umeumia", dada akasema "inawasha", mnamfundisha vitu vitatu. Baada ya swali, nyamaza na uhesabu kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia. Watu wazima wengi hawafiki hata tatu. Siku ya maumivu yenyewe siyo ya somo. Mtoto aliyezidiwa hupoteza hata maneno aliyokuwa nayo.

---

MenoArusha

Naona meno yamepitwa haraka, na kwa watoto hawa ndiyo ya kuangalia mapema, kwa sababu kupiga mswaki ni vita kila siku.

Dalili: anatafuna upande mmoja, ameacha makande na mkate mgumu lakini anakula uji na mtori, anakataa maji ya baridi, mto wake umelowa mate, anasukuma kidole au shati nyuma ya taya, anajipiga shavu. Anaweza pia kugongesha kidevu kwenye meza. Mchunguzeni watu wawili mkiwa mmekaa mkikabiliana, magoti yamegusana. Mtoto alalie mapaja, kichwa kwa anayeangalia, miguu kiunoni mwa mama. Tochi ya simu. Dakika moja inatosha kuona tundu, uvimbe kwenye ufizi kama kipele, au harufu ya usaha. Angalia gego la nyuma kabisa: la kudumu linaota karibu miaka 6 nyuma ya meno ya utoto, na wazazi wengi wanadhani nalo litang'oka, basi wanaliacha lioze.

Kwa sisi wa pande za Meru kuna mtego wa ziada. Maji ya maeneo kama Ngarenanyuki na Maji ya Chai yana floraidi nyingi, juu ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya kahawia ni jambo la kawaida. Kwa hiyo mtu anafungua mdomo wa mtoto, anaona kahawia, anasema "ni maji ya huku" na anaufunga. Rangi yenyewe haiumi. Tundu linauma. Pitisha macho jino kwa jino, tafuta palipobonyea au palipovunjika. Floraidi nyingi sana huathiri hata mifupa, hivyo mtoto wa maeneo hayo mwenye matege na asiyetaka kutembea, daktari aelezwe anakunywa maji gani.

---

NesiWaWatoto

Asante Dokta. Niongeze ukaguzi wa mwili, maana ndio mtakaofanya mara nyingi. Vua nguo. Julai Arusha mtoto ana sweta mbili na soksi ndefu, kidonda hakionekani mpaka kinuke.

Masikio: bonyeza taratibu kile kinundu mbele ya tundu la sikio; akiruka upande mmoja tu, mpeleke. Pua: kamasi lenye harufu kali kutoka tundu moja ni kitu kilichoingizwa humo, harage au shanga, mpaka ithibitike siyo. Vidole vya miguu: funza, kucha iliyoingia nyamani, kiatu cha shule kilichobana. Msichokonoe kidole kwa sindano mkamweka mtu wa kumshikilia. Mtoto hataruhusu mguu wake kuguswa tena. Wasichana wa kuanzia miaka 9 au 10, wekeni alama kwenye kalenda. Tabia inayorudi kila mwezi mara nyingi ni tumbo la hedhi.

Tumbo ndilo linalochukua nafasi kubwa. Mtoto anayekula ndizi, chipsi na biskuti tu, asiyekunywa maji, halafu anakibana choo kwa sababu choo cha shule kina giza, nzi na harufu. Utamwona anasimama kwa ncha za vidole, anapishanisha miguu, anajificha nyuma ya mlango, anabana tumbo kwenye ukingo wa meza. Choo chini ya mara tatu kwa wiki, au kama cha mbuzi, tayari ni kufunga choo. Na mtego: chupi yenye kinyesi laini kila siku watu huiita kuhara, wakampa dawa ya kufunga. Mara nyingi ni choo kigumu kilichoziba, na majimaji yanapita pembeni yake. Dawa ya kufunga inazidisha. Anahitaji kulainishiwa kwa wiki kadhaa hadi miezi, kwa maelekezo ya daktari; familia nyingi huacha siku ya kwanza choo kinapotoka na wiki mbili baadaye wanarudi mwanzo.

Anayekunja shingo na kupinda mgongo baada ya kula, watu wakasema ni degedege au mapepo, afikiriwe kiungulia cha asidi inayopanda. Asiyekula tunda wala mboga kwa miezi, akaanza kukataa kutembea na fizi zinatoa damu, mtajieni daktari kiseyeye. Watu hudhani ni ugonjwa wa mabaharia wa kale, kumbe watoto wenye usonji wanaupata, na hutibika kwa vitamini C.

Vya kukimbia navyo saa hiyohiyo: korodani iliyovimba au asiyetaka iguswe, maana ikijisokota mna takriban saa 6 kuiokoa, matapishi ya kijani, tumbo gumu kama ubao, kutapika au kusinzia baada ya kugonga kichwa, shingo iliyokakamaa na homa, na betri ndogo ya saa au rimoti aliyoimeza, hata ikidhaniwa tu, kwa sababu ndani ya saa mbili inaweza kuunguza koo la chakula. Hapo hakuna fomu.

---

MwlKitengo (Moshi)

Nimepata zaidi ya nilichoomba, asanteni sana. Swali moja: tunaye ambaye hagusiki kabisa, hasa kichwani. Ukaguzi unafanyikaje?

---

TibaKwaVitendo_AR

Mwalimu, wengi wao kinachowasumbua ni mguso mwepesi. Kiganja kizima kilichotulia kwa uzito hukubalika kuliko ncha za vidole. Anza miguuni, panda juu, kichwa mwisho. Mpangilio uwe uleule kila siku, mama akiwa anamwogesha, kwa wimbo mmoja wa kutaja viungo, hata siku asizoumwa. Kioo au kamera ya simu iliyogeuzwa humfanya ajiangalie mwenyewe kinywani na masikioni, nawe unaangalia naye. Kushoto na kulia vilinganishwe kila mara.

---

NesiWaWatoto

Na akishazoea huo mpangilio, kukataa kwenyewe kunakuwa taarifa. Akiruhusu mguu wa kulia, tumbo, mikono yote, halafu akaurudisha wa kushoto, msimlazimishe. Andikeni "mguu wa kushoto, chini ya goti, tangu jana jioni" na mtakapofika hospitali muanze kwa kuusema huo kabla ya kueleza usonji, maana ukianza na usonji kila kitu kinachofuata kinasikilizwa kama tabia.